Natengeneza kufuli lenye dirisha, makufuli mawili yameshaniumbua. Waliowahi kufanya karibuni

Fundi_Funguo_Dom | #1

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mchonga funguo hapa Dodoma, jirani na Soko la Majengo, mwaka wa tisa huu. Meza moja, mwavuli mmoja, mashine moja ya kuchongea. Wiki tatu zilizopita mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa amekaa pembeni anasubiri nimnunulie chipsi. Mama mmoja akaja na ufunguo, nikamtolea wa pili, akalipa akaenda zake. Dogo akauliza: "Mjomba, kufuli linajuaje kama huu ndio ufunguo wake?"

Nikamwambia kuna pini. "Zinafanyaje?" Zinapanda. "Zikipanda?" Linafunguka. Akaninyamazia vile mwalimu anavyomnyamazia mwanafunzi ambaye hajasoma. Wakuu, niliona haya. Miaka tisa nafuatisha mabonde ya funguo za watu na sijawahi kuliona kufuli likifanya kazi kwa ndani. Kuyapasua nimeyapasua mengi, lakini ukishalipasua ndiyo basi, unabaki na vyuma mezani.

Nikaamua nitengeneze kufuli lenye dirisha. Yaani kufuli zima, linafunga na kufungua, ila ubavu mmoja umekatwa ili mtu aone pini zinavyocheza ufunguo ukiingia. Kwa mkono. Mashine ya kukereza sina. Nina jiliwa, tupa tatu, msumeno wa chuma, drili ya umeme na msasa. Picha zimegoma kupanda, bando lenyewe la kuungaunga, kwa hiyo nitaeleza kwa maneno, mnivumilie.

Kwa asiyejua: ndani ya kufuli la kawaida la shaba kuna tundu la duara, na humo inakaa silinda, kile kiduara kinachozunguka ukigeuza ufunguo. Ya kwangu ina kipenyo cha milimita 10. Silinda ina vishimo vitano kwenye mstari, na mwili wa kufuli nao una vitano vinavyotazamana navyo. Kila kishimo kina pini mbili. Ya chini inagusa ufunguo, ya juu inasukumwa na springi. Ufunguo ukiwa nje, pini ya juu inakaa nusu mwilini nusu kwenye silinda, kama mtu aliyesimama mlangoni mguu ndani mguu nje, na silinda haitikisiki. Ukiingia ufunguo wenyewe, kila bonde linainua pini yake kwa kipimo chake, na yale maungio ya pini mbili yanafika pale pale silinda inapokutana na mwili. Mimi hapo napaita mpakani. Maungio yote matano yakifika mpakani kwa pamoja, silinda inazunguka, mkia wake unavuta ulimi, ulimi unatoka kwenye pengo la upinde (kile chuma kilichopinda juu ya kufuli), upinde unaruka juu. Bonde moja tu likizidi au likipungua, hapatoki kitu.

Sasa misiba.

Kuna moja hata silihesabu. Nilinunua "shaba", kupiga tupa mara tano ule unjano ukaisha, chini chuma cheusi. Siku hizi nikienda dukani natembea na sumaku mfukoni. Ikinata, narudisha rafuni.

La kwanza la kweli. Ubavuni mwa kufuli, ukipasugua kwa msasa ukapalowesha, unaona viduara vitano vidogo. Ni vizibo. Kiwandani wanatoboa vishimo kutoka ubavuni, wanatia pini na springi, wanaziba, wanasawazisha. Nilivitoboa vile vizibo huku kufuli limo ndani ya mfuko wa nailoni ung'aao, maana springi zikiruka hazipatikani tena. Nikatoa kila kitu, nikapanga pini kwenye seloteipu kwa namba 1 hadi 5. Nikalikata mwili upande mmoja, nikaikata na silinda upande huo huo mpaka vishimo vikafunguka. Nikarudisha vitu mahali pake. Ufunguo ndani: pini zinapanda, mpaka unaonekana, raha tupu. Nikageuza.

Ikazunguka robo, ikasema "tik", ikakwama. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Nilikaa nayo usiku mzima. Shikeni kufuli tundu la ufunguo likiwatazama, springi zikiwa juu. Ufunguo unazunguka kufuata mshale wa saa. Mimi nilikata upande wa kushoto. Silinda ikizunguka, ule upande wa kushoto ndio unaopanda juu kwenye springi, na mimi nimeshaukata, pako wazi! Pini za juu zikadumbukia zote tano kwenye lile pengo. Hakuna ufunguo wa kuzitoa humo.

La pili nikajiona mjanja, nikakata kulia. Upande wa kushoto mzima, kwa hiyo ukipanda juu pini za juu zinakuta ukuta. Nikageuza, ikazunguka kama siagi. Lakini vishimo vya silinda vilikuwa vinatazama juu, na sasa vinatazama kulia, na kulia ndiko kwenye dirisha. Pini za chini zikamwagika kama choroko. Nne nilizipata vumbini. Ya tano niliishuhudia kwa macho yangu ikidonolewa na kuku wa jirani. Inang'aa, akadhani punje.

Isitoshe kishimo cha tano nilikizidishia tupa, pini ikawa inachungulia nje hata kabla sijageuza.

Sasa niambieni. Kushoto zinadumbukia, kulia zinamwagika. Watu wanaotengeneza haya makufuli ya kuonyeshea wanafanyaje?

kijana_wa_Nkuhungu | #2

Huyo kuku kesho atataga yai lina kufuli 😂😂

Natia kambi hapa.

MzeeWaKarakana | #3

Fundi, salaam. Mimi nimestaafu, nilikuwa karakana ya reli Morogoro. Kabla sijajibu la pini naomba nijue habari za tupa. Mpya au kuukuu? Na ulizitumia kwenye lile kufuli la chuma cheusi?

Nauliza kwa sababu shaba inataka tupa kali. Sisi tupa mpya ilianzia kwenye shaba, ikichoka kidogo ndiyo inashuka kwenye chuma. Ukianzia kwenye chuma ukairudisha kwenye shaba, inateleza, unaongeza nguvu, mkono unayumba. Hicho kishimo cha tano nadhani kilikufa hivyo. Siyo kosa la macho.

Halafu paka choki kwenye tupa. Choki ya ubaoni, ya kawaida. Chenga za shaba hazigandi kwenye meno. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ukirudi, inyanyue. Vijana wengi wanasugua mbele na nyuma kama wanasugua sufuria, kisha wanasema tupa za siku hizi mbovu.

Kwenye jiliwa weka vibao viwili vya mti laini, usilibane kufuli chuma kwa chuma. Ukimaliza kukata usirudishe pini kabla hujasafisha vishimo. Chukua biti ya drili ya ukubwa ule ule wa kishimo, ishike kwa vidole, izungushe polepole ndani. Tupa inaacha vimbavimba ukingoni. Huvioni, ila pini inaviona.

La kumwagika nalifikiria.

Mpingo77 | #4

Mods mpo? Mtu anafundisha wezi namna kufuli linavyofunguka nanyi mnachekelea kuku. Juzi tu mtaani kwetu wameingia nyumba ya mwalimu mchana kweupe. Mambo mengine yabaki kwa mafundi.

MbuyuMkavu | #5

Mpingo77 hii hoja yako ina umri mkubwa kuliko mbuyu wa kwetu. London mwaka 1851 palikuwa na maonyesho makubwa, na Mmarekani mmoja fundi wa kufuli, Alfred Hobbs, akafungua kufuli la Bramah, watengeneza kufuli wa hapo hapo London, lililokaa dirishani mwa duka lao tangu 1790 na zawadi ya gini 200 (gini ni sarafu ya zamani ya Waingereza) kwa atakayelifungua bila ufunguo wake. Alitumia saa 51 zilizogawanyika kwa siku 16. Waingereza wakagawanyika hivi hivi, wengine wakisema siri zisijadiliwe hadharani. Jibu la upande wa pili lilikuwa kwamba wezi walishajua siku nyingi. Asiyejua ni mwenye nyumba.

Na hizi pini siyo siri ya jana. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli la mti lenye vigingi vinavyodondoka kwa uzito wake wenyewe, ufunguo wake una vijino vya kuvisukuma juu. Linus Yale wa Marekani, yule mtoto maana baba yake naye alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo, ndiye aliyelifanya liwe dogo la chuma lenye ufunguo bapa, hataza zake (hati za kumiliki uvumbuzi) ni za 1861 na 1865. Kilicho mfukoni mwako ni mjukuu wa kazi yake.

Fundi_Funguo_Dom | #6

Mpingo77 pole kwa huyo mwalimu. Ila niulize, waliingiaje? Miaka tisa naitwa kwenye nyumba zilizovunjwa kubadilisha vitasa, na sijakuta hata moja ambayo mwizi alihangaika na pini. Kufuli nalikuta zima kabisa, limefungwa vizuri, linaning'inia kwenye tumbuu, kile chuma cha mlangoni kinachopitishwa kufuli, iliyong'olewa ukutani pamoja na skrubu zake. Watu wananunua kufuli la elfu thelathini wanalitundika kwenye tumbuu ya elfu moja iliyopigwa kwa misumari ya inchi moja. Hilo ndilo la kulipigia kelele.

Shikamoo mzee. Tupa ni kuukuu na ndiyo, zilipita kwenye kile chuma. Nimenyamaza.

Mwl_Fizikia_Kondoa | #7

Habari za jioni wote. Nafundisha fizikia na hisabati sekondari, huku Kondoa. Fundi, kishimo chako cha tano kimenikaa kichwani tangu asubuhi, nikakifanyia hesabu ubaoni na wanafunzi wa kidato cha pili wakanisaidia.

Tuseme kishimo kina kipenyo cha milimita 3, yaani nusu kipenyo 1.5. Unakijia kwa tupa kutoka ubavuni. Upana wa dirisha unalopata unatafutwa kwa Pythagoras, hakuna uchawi. Ukiingia ndani ya kishimo milimita 0.1 tu, dirisha tayari lina upana wa 1.08. Ukiingia 0.25 ni 1.66. Ukiingia 0.5 ni 2.24. Ukiingia milimita 1 ni 2.83, na pini yako yenyewe ni karibu 3, kwa hiyo hapo inashikiliwa na hewa.

Maana yake mpaka nusu milimita pini imefungwa vizuri na unaiona robo tatu ya upana wake. Kutoka hapo kwenda mbele huongezi cha kuona, unapunguza cha kushikilia. Na angalia mwendo wake: mkwaruzo wa kwanza unafungua zaidi ya milimita nzima ghafla, kisha mambo yanapoa. Mtu wa tupa anadhani bado ana nafasi kwa sababu dirisha limeacha kukua.

Wanafunzi wangu wanauliza kufuli likikamilika litakuja Kondoa? Tuna mada ya springi na kani, na kitu pekee nilicho nacho cha kuonyesha ni springi ya godoro.

Fundi_Funguo_Dom | #8

Mwalimu, hiyo hesabu nimeiandika kwa maka peni kwenye mwavuli wangu. Siyo utani. Na ni kweli mtupu: kwanza unaona mstari mwembamba kama wa kalamu kwenye shaba, unapiga mara mbili mstari umekuwa mfereji, unapiga kumi mfereji uko vile vile. Nilikuwa najua hilo mkononi, ila sikujua kama nalijua.

Kondoa nitakuja. Lakini bado zinamwagika!

BintiChamwino | #9

Jamani mimi wala siyo fundi wa vyuma. Natengeneza hereni na maua kwa chupa za maji, zile za plastiki. Nimesoma uzi wote nikashangaa mnavyohangaika.

Si unataka ukuta ambao unaonekana? Chupa ya maji ni ukuta unaoonekana. Kata kipande pale katikati ya chupa pasipo na mikunjo, ukizidishe urefu kidogo. Chemsha maji, yakikaribia kuchemka epua. Chukua chuma cha mviringo chenye unene wa hiyo silinda yako, zungushia plastiki, funga na uzi, kitumbukize kwenye maji, hesabu mpaka ishirini, kitoe ukiweke kwenye maji baridi. Ukifungua uzi plastiki imeshika umbo la mviringo na hairudi tena. Hereni zangu zote ndivyo zinavyojikunja.

Hicho kipande unakibandika pale ulipokata mwili wa kufuli, silinda inazunguka chini yake. Pini zikitazama kulia zinakuta plastiki. Zitamwagikia wapi?

Usitumie maji yanayotokota sana, plastiki inajikunyata na kuwa nyeupe. Nimeshaharibu nyingi.

kijana_wa_Nkuhungu | #10

Binti kamaliza. Ufungwe uzi 🙌

MzeeWaKarakana | #11

Nimesoma la binti mara tatu. Nilikuwa nimekaa na penseli nachora bamba la shaba lenye upenyo mwembamba kuliko pini, kazi ya siku mbili, na kumbe jibu liko kwenye chupa ya maji. Hongera sana mwanangu.

Fundi, mviringo wa kukunjia chukua shina la biti ya milimita 10. Na gundi uwe mwangalifu. Hizi za matone zinatambaa kama maji, zikiingia kwenye silinda utakuwa umetengeneza sanamu.

Mpingo77 | #12

Waliingia kwa kung'oa tumbuu. Nimeenda kuuliza.

Haya endeleeni.

kijana_wa_Nkuhungu | #13

Mkuu siku tisa kimya. Mrejesho au kuku kala na la tatu?

Fundi_Funguo_Dom | #14

Samahanini wakuu, ada za shule na kazi za watu vilinibana. Nawapa mrejesho, kaeni vizuri.

Kufuli la tatu limepita kwenye sumaku. Halikunata. Nikanunua tupa mpya moja, bapa, ya meno laini, na boksi la choki. Mzee, nilikuwa nafanya kazi ya punda bila kujua. Choki inafanya tupa ilie tofauti, mlio mkavu, na chenga zinadondoka kama unga wa dona badala ya kugandamana. Nilichora mstari wa kikomo kwa sindano kwenye ncha mbili za kufuli, nikakata sehemu kubwa kwa msumeno, kisha tupa. Nilipoona ule mstari wa kalamu nikaacha kabisa, nikanywa chai. Halafu nikawa napiga mara tatu, napima upana kwa venia (kile kipimo cha kubania cha mafundi), napiga tatu, napima. Nilisimama kwenye 2.2. Vishimo vyote vitano, hakuna hata kimoja kilichozidi 2.3. Silinda nayo hivyo hivyo, upande wa kulia.

Biti kwa vidole: zilitoka nyuzi za shaba nyembamba kama nywele kwenye kila kishimo. Mzee alisema pini inaziona. Kabla ya kusafisha nilijaribu kudondosha pini moja, ikasimama katikati. Baada ya kusafisha ikaporomoka yenyewe.

Rangi. Nilitaka pini za chini ziwe nyekundu ili mpaka uonekane hata kwa mtu aliyesimama mbali. Nikaomba rangi ya kucha ya mke wangu. Ikapendeza sana, na pini zikagoma kuingia. Yaani tabaka moja la rangi ya kucha linatosha kuiziba nafasi iliyopo kati ya pini na kishimo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wateja wa huku wanalalamika kufuli limekuwa gumu kila ikifika miezi ya upepo. Kama rangi ya kucha inakwamisha, vumbi la Dodoma lililokorogwa na mafuta ya kupikia wanayotia watu litafanya nini? Nikaikwangua yote nikapaka maka peni nyekundu. Inatosha.

Chupa ya BintiChamwino. Kipande cha kwanza kilijikunyata, maji yalikuwa yanatokota, nilikuwa na haraka. Cha pili kilikunjika vizuri kabisa kwenye shina la biti. Nikabandika kwa gundi ya matone (najua, mzee, najua) nusu tone tu, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Haikuingia kwenye silinda. Ila ule mvuke wake ulipanda ukaacha ukungu mweupe kwenye plastiki, dirisha likawa kama kioo cha bafuni. Nikabandua, nikakunja kipande cha tatu, nikatumia ile gundi ya kuchanganya mirija miwili, nikasubiri mpaka asubuhi.

Vile vizibo vitano vya ubavuni sikuvirudisha kimoja kimoja. Nilipondaponda ufunguo mkuukuu wa shaba mpaka ukawa bamba, nikaulaza juu ya springi zote, nikaukaza kwa skrubu mbili ndogo za simu. Kwa hiyo naweza kulifungua tena wakati wowote. Springi moja ilikuwa imepotea, nikatoa ile ndogo inayosukuma jiwe kwenye kiberiti cha gesi, nikaikata. Inaingia vizuri kabisa. Ya kalamu nilijaribu, nene mno.

Nilikata na kidirisha cha pili huku juu, ili ulimi uonekane unavyong'ata pengo la upinde. Hicho kilikuwa rahisi, sina cha kusimulia. Upinde wenyewe msiuguse kwa tupa, ule ni chuma kigumu, mtaua tupa bure.

Jumamosi saa kumi jioni nikamuita dogo. Nikampa ufunguo. Akauingiza polepole sana, nadhani aliogopa. Pini nyekundu ya kwanza ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, maana kila jino la ufunguo linapita chini yake kwenda kwenye kishimo cha mbele. Ya pili ikafuata. Zikawa zinapanda na kushuka kama watu wanaotwanga kwa zamu, na ufunguo ulipogota mwisho zote zikatulia, nyekundu zote chini ya mpaka, shaba tupu juu. Mstari mmoja. Mabonde ya ufunguo yale yanapanda yanashuka, halafu juu yake mstari umenyooka kama umepigwa rula. Dogo akasema "aaah". Mimi sikusema kitu kwa sababu ndiyo mara yangu ya kwanza nami, tangu nianze kazi hii.

Akageuza. Pini zikaenda kulia, zikagota kwenye chupa ya maji. Upinde ukaruka.

Alilifunga na kulifungua mara arobaini hivi. Chipsi alizisahau.

BintiChamwino | #15

Nimefurahi mno 😍 Kipande cha tatu tu? Mimi hereni ya kwanza nilifikisha cha kumi na moja.

Mwl_Fizikia_Kondoa | #16

Fundi, swali la wanafunzi: kwa nini ufunguo uliochongwa kutoka kwenye ufunguo uliochongwa unasumbua? Darasa zima wana kisa cha nyumbani.

Fundi_Funguo_Dom | #17

Swali zuri, na sasa nalijibu kwa kuonyesha badala ya kubishana na wateja. Nimechonga funguo mbili za kufuli hili. Mmoja sahihi. Wa pili bonde la tatu nimelizidisha kidogo tu, ukiziweka mkononi huoni tofauti. Ukiingiza ule wa pili, nyekundu nne zinafika mpakani, ya tatu imebaki chini, na pini ya juu imeshuka ikakanyaga pande zote mbili. Haigeuki. Ukiuvuta ufunguo nje kiduchu, wakati mwingine ile ya tatu inapandia mteremko wa jino na kufika mpakani, linafunguka. Ndiyo maana wateja wanasema "ufunguo huu mpaka uubembeleze". Wanabembeleza bonde moja.

Mashine inakosea kidogo kila inaponakili, na ufunguo wa kunakilia nao umeshalika mfukoni. Nakala ya kwanza inabeba kosa dogo. Nakala ya nakala inabeba mawili. Juzi mzee mmoja kutoka Bahi aliniletea ufunguo ambao kwa hesabu yake ni wa nne katika ukoo, ule wa kwanza ulitumbukia kisimani enzi za marehemu kaka yake. Nilimwonyesha dirisha, akatazama sana, akasema "kumbe kufuli halina kosa". Alikuwa ameshalipiga na jiwe.

kijana_wa_Nkuhungu | #18

Na la kutia mafuta? Kila mtu ana yake, wengine mafuta ya taa, wengine ya alizeti.

Fundi_Funguo_Dom | #19

Ya kupikia usitie kabisa. Kwa vumbi letu yanageuka ugali mle ndani, nimeona kwa rangi ya kucha inatosha. Saga risasi ya penseli iwe unga, ipake kwenye ufunguo, ingiza toa, ingiza toa. Unga ule unateleza na hauvutii vumbi.

Nimefanikiwa kupandisha video fupi. Itazameni.

MzeeWaKarakana | #20

Nimetazama, nikairudia. Kazi safi, umenyooka mkono. Mwili umeukata bapa, sioni pa kulalamika.

Ila itazame sekunde ufunguo unapotoka. Kila pini inarudi chini papo hapo ufunguo ukiipita, isipokuwa ya nne. Inachelewa, halafu inadondoka. Ile springi ya kiberiti uliikata fupi mno.

Fundi_Funguo_Dom | #21

Mzee nimeitazama mara sita. Ya nne. Kweli kabisa.

Kesho natafuta kiberiti kingine.